Risasi na Neno la Muuzaji

Katika madini yote ambayo mwanadamu ameyatoa ardhini, ni machache yaliyomtumikia kwa utii kama risasi. Ni nzito, lakini ni laini; kisu huikata na nyundo huitandaza. Huyeyuka katika joto la nyuzi 327 za selsiasi, joto ambalo jiko la makaa na mvukuto mdogo hulifikia bila taabu. Mvuvi aliifanya kuwa chubwi la mshipi wake, mwashi akaifanya kuwa timazi ya kunyoshea ukuta, na nahodha akaifunga kambani ikawa bildi ya kupimia kina cha maji. Hata kile kitokacho katika mdomo wa bunduki kilipewa jina lake. Lakini risasi ya bunduki hulia, na aisikiaye hukimbia. Risasi iliyo ndani ya chombo haina mlio. Yule anayeitumia hawezi kuikimbia mpaka aambiwe na anayeijua, na kuambiwa huko ndiko kulikokosekana kwa karne nyingi.

Ubaya wa risasi haukugunduliwa jana. Katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Kristo, Mrumi mmoja mstadi wa majengo, Vitruvius, aliandika kwamba maji ya mabomba ya udongo ni salama kuliko maji ya mabomba ya risasi. Ushahidi wake ulikuwa nyuso za mafundi waliofua risasi, ambazo alisema zilipauka kama zisizo na damu. Hata hivyo mabomba ya risasi yaliendelea kutumika, kwa sababu yalikuwa mepesi kutengenezwa.

Katika karne ya 12, mtawa aliyejiita Theophilus aliandika kitabu cha sanaa, na ndani yake akaeleza jinsi ya kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi. Vipande vya kioo hukatwa kwa kufuata picha, kila kipande huvishwa ukingo wa risasi wenye mifuo miwili, kisha viungo hutiwa lehemu. Kazi hiyo haijabadilika sana hadi leo. Dirisha la namna hiyo likiwa juu ukutani halimdhuru anayelitazama. Madhara humfikia anayeyeyusha lehemu, anayekwangua ukingo wa zamani, na mtoto anayeshika pambo kisha akatia vidole kinywani. Aprili 2019 paa la kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris liliungua. Mamia ya tani za risasi zilikuwa katika paa na mnara wake, na vumbi lake likaanguka mitaani. Wakuu wa mji wakalazimika kupima shule na nyumba za jirani. Paa lililodumu karne nyingi bila lawama likawa hatari katika usiku mmoja.

Mwaka 1921 wajumbe wa mataifa walikutana Geneva katika mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, wakapatana kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Desemba mwaka huo huo, mstadi wa Marekani aitwaye Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli huifanya injini iende bila kugonga. Petroli hiyo ilipoanza kuuzwa mwaka 1923 iliitwa Ethyl, na neno risasi halikuwamo katika jina. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda kimoja cha New Jersey kwa sumu ya dawa hiyo, na biashara ikasimama kwa muda tu. Mwaka 1965 mwanasayansi Clair Patterson alionyesha kwamba miili ya watu wa zama hizi ilibeba risasi nyingi mno kupita kiasi cha asili. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na mwaka 2021 Aljeria, nchi ya mwisho duniani, ikaacha kuiuza kwa magari. Karibu miaka mia moja ilipita toka siku ile jina lilipofichwa.

Sasa tuelekee ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Reli ya kutoka Mombasa ilifika huko Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo. Mwaka 1905 nyavu za kitani zililetwa katika Ghuba ya Winam, na uvuvi wa migono na vizuizi ukaanza kupata mshindani. Pamoja na reli, meli na magari, chuma na betri viliingia katika nchi ya ziwa. Na vilipochakaa, viliangukia mikononi mwa mafundi wa jua kali. Sifa ya mafundi hao ni kubwa, kwani hawatupi kitu. Lakini moto wa fundi hauchagui. Betri kuukuu ina risasi, na kipande cha injini chaweza kuwa nayo. Vikichanganywa katika kalibu moja, sufuria itokayo hung'aa kama nyingine zote.

Mwaka 2008 watafiti walichapisha habari za risasi katika mazingira na katika vyakula pande za Kisumu. Mwaka 2017 wengine walipima vyombo vya alumini vilivyotengenezwa kwa mabaki ya vyuma katika nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwamo, na wakaona baadhi yake vikitoa risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Risasi haiozi. Mwili huidhania kuwa chokaa, huiweka katika mifupa na meno, na mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Kwa mtoto mdogo hupunguza akili, na akili iliyopotea hivyo hairudi.

Wakenya wamekwisha kuona gharama ya kutoambiwa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi toka mwaka 2007 hadi 2014, na risasi ikaingia katika damu ya wakazi. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fedha ni faraja, lakini hazimrudishii mtoto alichopoteza.

Sheria imeona jambo hili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kitu anachonunua, na haki ya kulindwa afya yake. Katika jimbo la California, wapiga kura walipitisha mwaka 1986 sheria inayomtaka mwenye biashara amwonye mnunuzi juu ya vitu vyenye sumu, risasi ikiwa mojawapo.

Huenda fundi akasema, "Nikimwambia mnunuzi, ataniacha aende kwa mwenzangu aliyenyamaza." Hoja hii si ya kudharauliwa, maana fundi naye ana watoto wanaongoja chakula. Lakini fundi ndiye wa kwanza kuvuta moshi, na watoto wake ndio wa kwanza kuchezea vumbi la nguo zake. Anayenyamaza mbele ya mnunuzi hunyamaza pia mbele ya nyumba yake. Tena neno linalotakiwa si refu. Auzaye pambo la kioo cha rangi na aseme: ukingo huu ni wa risasi, nawa mikono baada ya kulishika, usiliwekee chakula, usimpe mtoto. Auzaye sufuria na aseme imetoka katika chuma gani. Na kama hajui, asiisifu kwa jambo asilolijua.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Risasi imetuonyesha upungufu wa methali hiyo, kwani chombo chenye sumu chaweza kuwa kizuri na kujiuza chenyewe. Macho ya mnunuzi hayatoshi kumlinda. Kwa hiyo mnunuzi na aulize, na muuzaji na ajibu kweli.