Kilichodhaniwa Takataka

Majimoto, katika bonde la Mpimbwe, mzee akilalamikia kiuno huambiwa ni jembe la mpunga. Mara nyingi ni kweli. Kwa wengine, hata hivyo, maumivu hayo ni saratani ya tezi dume iliyokwisha kuhamia mifupani. Kwa nini hupenda nyonga na uti wa mgongo? Swali hilo limesumbua madaktari kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1889, daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Akaona ugonjwa haukusambaa ovyo. Mbegu, alisema, hupeperuka kila upande, ila huota pale inapokuta udongo unaoifaa. Mkulima wa Majimoto hahitaji kufafanuliwa zaidi. Atauliza tu: nani aliulima huo udongo?

Jibu lilianzia kwenye damu ya kondoo. Rose Johnstone, wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alikuwa akichunguza jinsi chembe nyekundu changa zinavyokomaa. Mwaka 1983 kundi lake, na jingine la St. Louis, Marekani, yalionesha kwamba chembe hizo humwaga nje vifuko vidogo mno, kimoja kikikaribia sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwaka 1987 akaviita eksosomu. Wengi wakaona ni takataka: seli imefagia nyumba, imetupa uani. Wakavipuuza kwa miaka. Inauma kukumbuka hilo, kwa kuwa huko Uppsala, Sweden, Gunnar Ronquist na wenzake walikwisha kuona tangu miaka ya 1970 vifuko vya jinsi hiyo vikitoka kwenye tezi dume yenyewe, ndani ya shahawa.

Mwaka 2007, watafiti wa Gothenburg waligundua kuwa vifuko hivyo hubeba RNA, yaani maagizo, kutoka seli moja hadi nyingine. Mwaka 2015 kundi la David Lyden, New York, likaonesha kwa panya kwamba protini zilizo juu ya vifuko vya saratani huamua vitatua wapi, mapafuni au kwenye ini, vikatayarishe shamba kabla mbegu haijafika. Vile vya tezi dume, maabara zimeona vikivuruga seli zinazojenga mfupa na zinazoubomoa.

Marekani sasa kuna kipimo kinachosoma vifuko hivyo kwenye mkojo. Mzee wa Majimoto bado anategemea kipimo cha damu cha PSA na mkono wa daktari. Mionzi ikihitajika, ni safari ya kwenda hospitali kama Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam.