Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto



Zamani za misafara, mpagazi aliyetoka pwani kwenda bara alipewa posho ya kila siku, na kipimo chake kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Vibaba vinne vilifanya pishi. Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri hadi Ujiji mwaka 1857 na 1858, aliandika habari za kipimo hicho. Uzito wake ulikaribia ratili moja na nusu.

Lakini kulikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa hata nafaka ikasimama juu ya ukingo, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa. Chombo kimoja, posho mbili. Aliyepima ndiye aliyeamua nani ashibe.

Jambo hilo si dogo. Mtaa wa Kariokor umebaki na jina la Carrier Corps, wapagazi wa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi na chakula kibaya. Ale posho ya mkono wa mwingine hana pa kwenda ikipungua.

Ndivyo alivyo mzee atunzwaye mbali na jamaa zake. Sisi wa Baba Dogo tunazo nyumba za wazee katika jiji letu, na mojawapo, ile ya Kasarani, haiko mbali nasi. Maneno haya hayaelekezwi kwa nyumba yo yote, bali ni ya kila jiko lipikialo wengi.

Sokoni twajua kulitazama gorogoro la mahindi kama limejaa. Mzee kitandani hawezi kwenda kuutazama upawa. Tena mwenye kisukari hupewa dawa ya kadiri ile ile. Ugali ukiwa mkubwa leo na mdogo kesho, dawa hiyo yaweza kumdhuru. Na kipimo kikiwa kimoja kila siku, masazo ya sahani huwa shahidi: mpishi hutambua upesi ya kuwa fulani ameanza kudhoofu.

Basi, jiko liwe na upawa mmoja wa mboga na bakuli moja la kupimia ugali, vijazwe namna moja, awe anapakua nani. Anayehitaji zaidi, au kidogo, aandikiwe kadiri yake, wala asingoje huruma ya mpakuzi.

Haba na haba hujaza kibaba; lakini heshima ya mzee ni kujua kibaba chake ni kipi.