Roshani ya Llandudno

Aliyewahi kutembea ufukweni Llandudno, kule Wales, ameziona: nyumba za ghorofa zilizoshikana kuta, zimepinda kufuata ghuba, nyingi zikiwa na dirisha lililotokeza nje kama kifua. Tuliiteje dirisha hilo? Watafsiri huandika “dirisha lililochomoza” na kupita. Inaniuma, maana neno tunalo: roshani.

Leo wengi wetu tunalijua kwa maana ya kibaraza cha ghorofani tu. Lakini asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya mwangaza, na huko Jeddah, Saudia, neno hilohilo ndilo jina la madirisha makubwa ya mbao yanayoning’inia juu ya vichochoro.

Na mwangaza ndio walioutafuta wajenzi wa enzi ya Malkia Victoria. Nyumba ya safu ni nyembamba, imebanwa na jirani kulia na kushoto. Mwanga huingia mbele na nyuma basi. Vioo navyo vilikuwa vimepungua bei: kodi ya vioo nchini Uingereza ilifutwa mwaka 1845, ya madirisha 1851. Reli ilikwisha kufika miji ya pwani, kama Brighton mwaka 1841, na wageni walitaka kuiona bahari wakiwa wamekaa sebuleni. Sebule ikasukumwa nje kidogo, ikapata vioo pande tatu: mbele maji, ubavuni pwani yote.

Lakini mwanga huo haukuwa wa wote: jiko mara nyingi lilikuwa chini ya usawa wa barabara, watumishi wakilala darini. Roshani ilikuwa ya mwenye kulipa.