Plagi ya RJ45

Plagi ya RJ45 ni kichwa kidogo cha plastiki kinachofungwa mwishoni mwa kebo ya mtandao wa kompyuta. Kina vibati 8 vya metali na ulimi unaokishika kisichomoke. Jina hilo si sahihi ingawa limezoeleka: RJ45 ya asili ilikuwa ya simu na yenye kinundu pembeni, ilhali ya kompyuta huitwa 8P8C.

Umbo lake lilitoka kwenye simu za mezani. Nchini Marekani, Edwin Hardesty na wenzake walipata hataza za plagi ya namna hii mwaka 1972 na 1973. Ubunifu wao mkubwa ulikuwa kwenye vibati: vikibanwa, meno yake hutoboa ganda la waya, hivyo fundi hahitaji kuchuna kila waya wala kulehemu.

Wakati ule hataza ya Marekani ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo hizo zilikwisha mwaka 1989 na 1990. Leo fundi wa Mpanda, mkoani Katavi, hubana vichwa hivyo kwa koleo lake bila kumlipa mvumbuzi.

Hataza hulinda katika nchi ilikotolewa tu. Mvumbuzi wa Katavi huomba kwa BRELA, au kupitia ARIPO yenye makao Harare ikiwa anataka ulinzi katika nchi kadhaa. Uvumbuzi lazima uwe mpya; anayeuza au kuonyesha kifaa chake hadharani kabla ya kuomba anaweza kupoteza haki hiyo.