Nyumba ya Bibi Marie: Historia Fupi ya Madame Tussauds

Foleni ya jumba la sanamu la Madame Tussauds, Marylebone Road, London, haikosi watu wanaotaka kupiga picha na wachezaji mpira na waimbaji wa nta. Wachache humo wanajua kuwa jina lililo mlangoni ni la mtoto wa mtumishi wa nyumbani.

Marie Grosholtz alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1761. Mama yake alifanya kazi kwa daktari Philippe Curtius, mjini Bern. Daktari huyu alikuwa akitengeneza viungo vya mwili kwa nta ili vitumike kufundishia, kisha akagundua kuwa sura za wakubwa zinalipa kuliko maini na figo. Akahamia Paris. Marie, aliyekuwa akimwita mjomba, akajifunza kwake kufinyanga kichwa kwa udongo, kukitolea kalibu, kumimina nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kisha kuchomeka nywele unywele mmoja mmoja. Kabla hajatimiza miaka 17 alikwishatengeneza sanamu ya mwandishi Voltaire, na hapo mjomba akajua amepata mrithi.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliipitia nyumba hiyo mapema. Tarehe 12 Julai 1789, siku mbili kabla ya gereza la Bastille kuvamiwa, umati ulifika kwa Curtius ukachukua vichwa vya nta vya waziri Necker na Duke wa Orléans, ukavitembeza mitaani. Baadaye vikaja vichwa vya kweli. Bibi Marie alisimulia kuwa alifungwa, akanyolewa tayari kwa kukatwa kichwa, akaponea ufundi wake, na kwamba alilazimishwa kuchukua sura za waliouawa, akiwemo Mfalme Louis XVI. Wanahistoria wengine wananung'unika kwamba si yote yenye ushahidi. Wanung'unike, aliyekuwepo ni yeye.

Curtius alifariki mwaka 1794, akamwachia kila kitu. Mwaka uliofuata Marie aliolewa na François Tussaud. Ya ndoa hiyo tusiyachimbe; itoshe kusema kuwa mwaka 1802 alivuka kwenda Uingereza na mwanawe mkubwa, mume akabaki Paris. Vita kati ya nchi hizo mbili vikazuka tena, njia ya kurudi ikafungwa. Mwenzake wa biashara, Philidor, alikuwa akichukua nusu ya mapato, mkataba ambao haukuwa mtamu hata kidogo, lakini mama huyu alivumilia mpaka akajitoa. Kwa takriban miaka 30 alizunguka Uingereza, Scotland na Ireland, mji kwa mji, masanduku ya vichwa yakiyumba juu ya magari ya farasi.

Mwaka 1835 alipata makao Baker Street. Alikuwa na zaidi ya miaka 70, na bado alikaa mlangoni mwenyewe akipokea fedha za kiingilio. Inasimuliwa kuwa Duke wa Wellington, aliyemshinda Napoleon, alipenda kuja kumtazama adui yake wa nta. Mwaka 1842 Bibi Marie alijitengenezea sanamu yake, na mwaka 1850 akafariki akiwa na miaka 88.

Wajukuu waliihamishia nyumba Marylebone Road mwaka 1884. Miaka michache baadaye umiliki ulitoka mikononi mwa familia, kwa sababu zinazoeleweka za fedha. Moto wa 1925 uliyeyusha sanamu nyingi, lakini kalibu zilisalimika, na kwenye kazi hii mwenye kalibu hajafilisika: milango ilifunguliwa upya mwaka 1928. Bomu la Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1940, ndilo lililouma zaidi, maana liliharibu kalibu 352 za vichwa.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. 1958, jumba la nyota lilifunguliwa jirani. 1970, tawi la Amsterdam. 2000, New York. 2007, kampuni ya Merlin ikashika usukani. 2021, Dubai, la kwanza katika nchi za Kiarabu. Wamiliki wamebadilika mara kadhaa. Mafundi bado wanachomeka nywele kwa mkono.

Nawe msomaji, ukijaliwa kufika London, kabla hujawakimbilia wachezaji na waimbaji, muulize mhudumu alipo Bibi Marie, ukamwamkie kwanza mwenye nyumba.