Winchi ya gari katika karakana ya nyumbani

Winchi ya gari ni mashine ya kuvutia inayofungwa mbele au nyuma ya gari, hasa gari la porini, ili kulinasua likikwama. Mota ya umeme huzungusha gia, gia huzungusha ngoma, na ngoma hukunja waya wa chuma au kamba ya nyuzi ngumu za plastiki. Chakula chake ni betri ya gari lenyewe: volti 12 kwa magari madogo, volti 24 kwa malori mengi. Kampuni ya Warn ya Marekani, iliyoanza mwaka 1948 kwa kutengeneza vifaa vya Jeep, ilitoa winchi yake ya kwanza ya umeme mwaka 1959, na tangu hapo mpangilio huo haujabadilika sana.

Winchi hiyohiyo ikishushwa kwenye bampa na kufungwa sakafuni mwa karakana, hupata kazi nyingine. Huingiza ndani gari lisilowaka, hupandisha bodi tupu kwenye trela, huburuta injini iliyo juu ya kitoroli. Fundi aliyezoea kuita vijana sita waje kusukuma hujikuta anafanya kazi hiyo peke yake, rimoti mkononi. Ila kabla ya kufika hapo lazima ajibu swali moja: umeme wake utatoka wapi?

Volti chache, ampea nyingi

Swali hilo huonekana jepesi kwa sababu volti 12 ni kidogo. Umeme wa majumbani ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na mtu hudhani kwamba chochote cha volti 12 kitashiba kwa transfoma ndogo kama ile ya redio. Hapo ndipo wengi hupotea. Mota ya winchi ni ndugu wa stata: hutaka volti chache lakini hunywa ampea kwa pupa.

Chukua winchi ya kawaida ya ratili 9,500, yaani karibu kilo 4,300. Ikizunguka bila mzigo hula kati ya ampea 60 na 80. Ikivuta mzigo wake wote hupita ampea 400. Zidisha 400 kwa 12 upate wati 4,800. Soketi ya ukutani yenye plagi ya ampea 13 hutoa wati 3,000 hivi na hapo imefika mwisho. Kwa hiyo hata kama kungekuwa na kigeuzi kisichopoteza wati moja, soketi ya sebuleni isingeimudu winchi hiyo ikiwa imebeba mzigo kamili.

Kinachookoa ni kwamba kazi za karakana ni nyepesi kuliko matope. Gari la kilo 1,500 likiwa juu ya sakafu tambarare ya saruji, tairi zina upepo na breki zimeachia, husogea kwa mvuto wa kilo 20 hadi 30 tu, ndiyo maana watu wawili huweza kulisukuma. Likipandishwa kwenye mteremko unaoinuka mita 1 kila mita 10, ongeza kama kilo 150. Kwa winchi ya tani nne huo ni mchezo, na mkondo wake utabaki karibu na ule wa bila mzigo, tuseme ampea 100. Breki zikiwa zimeganda kwa kutu au tairi zimelala chini, hesabu hiyo haina maana tena.

Usumbufu mwingine uko kwenye kuanza. Mota inapotoka katika kusimama huvuta mkondo mkubwa kwa nukta chache kabla haijashika mwendo. Betri haijali. Kifaa cha kielektroniki cha kubadili umeme wa ukutani kuwa volti 12 hujali sana: hujikata ili kujilinda, mota husimama, kifaa hujirudisha, mota hushtuka tena, na gari hubaki palepale likitikisika.

Betri mezani, chaja pembeni

Jibu lililo bora ni la kizamani: nunua betri ya gari, iweke karibu na winchi, na iunganishe na chaja ndogo ya umeme wa ukutani. Betri ndiyo inayobeba pigo la ampea mia na zaidi, na chaja hurudisha taratibu kilichotumika. Ni kama tangi la maji juu ya paa. Bomba la mtaani linadondoka, lakini ukifungua koki maji yanakuja kwa nguvu.

Hesabu yake inatosha kuandikwa kwa chaki ukutani. Mvuto wa ampea 100 kwa dakika moja na nusu hutoa betrini ampea-saa 2.5. Chaja ya ampea 10 hurudisha kiasi hicho kwa robo saa, ongeza dakika tano za kinachopotea njiani. Na hizo dakika 20 si za kungoja bure, kwa kuwa mota za winchi hazikutengenezwa kwa kazi ya mfululizo. Baada ya dakika moja au mbili za kuvuta kwa nguvu huchemka na hutaka kupumzishwa. Weka kiganja juu ya bomba la mota. Ikiwa huwezi kukiacha hapo, nayo haiwezi kuendelea. Chaja basi hufanya kazi yake wakati mota inapoa.

Faida nyingine haihitaji maelezo kwa msomaji wa Afrika Mashariki: umeme ukikatika, gari halibaki nusu ndani nusu nje.

Betri inayofaa ni ile ya kuwashia injini, ya risasi na asidi, ya kiasi cha ampea-saa 70 hadi 100, ikiwa bado nzima. Nyumba nyingi zina betri ya sola, na kishawishi cha kuiazima ni kikubwa, lakini betri za jeli za sola hupenda kutoa mkondo kidogo kwa saa nyingi, si mkondo mwingi kwa dakika moja. Betri za lithiamu huwa na saketi ya ulinzi ndani. Yenye kikomo cha ampea 100 itajizima winchi inapokaza. Ukiunga betri mbili sambamba ili kupata nguvu zaidi, ziwe za aina moja na umri mmoja, la sivyo mbovu itainyonya nzima usiku kucha.

Betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Ni nyepesi, hupanda na kujikusanya chini ya dari, kwa hiyo tundu la hewa liwe juu ya ukuta na si mlangoni tu. Betri isikae chini ya benchi la grenda. Na kibanio cha chaja kiondolewe baada ya chaja kuzimwa ukutani, maana cheche moja juu ya betri iliyochemka imewahi kuwapotezea watu macho.

Nyaya

Ukiniuliza fedha iende wapi, nitasema kwenye shaba. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 35 una ukinzani wa karibu nusu ya elfu moja ya omu kwa kila mita. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye winchi, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi, na kwa ampea 200 hupotea volti 1. Waya wa milimita za mraba 16 katika umbali huohuo hupoteza zaidi ya volti 2, na mota inayopata volti 10 badala ya 12 hujikokota na kuchemka. Waya wa nyumbani wa milimita za mraba 2.5, ule wa kuunganishia soketi, haufai hata kwa majaribio: kwa ampea 200 ungehitaji volti 14 kujilisha wenyewe tu, kabla mota haijapata chochote. Kinachofuata ni plastiki kuyeyuka na moshi mweupe. Waya za kubusti zinazouzwa barabarani nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na unene unaouona ni wa plastiki.

Kwa hiyo sogeza betri, usirefushe waya. Nusu mita ni bora kuliko mita tano.

Waya hasi uende moja kwa moja kutoka betrini hadi kwenye bolti iliyo kwenye bodi ya mota. Kwenye gari baadhi ya mafundi huufunga kwenye chesisi na mambo huenda, lakini karakana haina chesisi. Nondo za ukuta na fremu ya mlango si athi ya winchi. Dalili ya kusahau bolti hiyo, au ya kuifunga juu ya rangi na kutu, ni maarufu: unabonyeza rimoti, solenoidi (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota) inalia ta!, na ngoma haigeuki. Watu hukimbilia kufungua mota. Chukua kwanza mita, weka ncha zake kwenye vichwa vya betri, na umwambie mwenzako abonyeze. Ikisoma chini ya volti 10, betri imechoka. Ikibaki 12 na ngoma imelala, tatizo liko kwenye waya, lagi au solenoidi. Pitisha mkono kwenye maungio. Lenye joto ndilo bovu.

Njia za mkato

Ya kwanza ni mashine ya kuchomelea, kwa kuwa kila karakana inayo na inatoa ampea nyingi. Ampea ni kweli, ila volti zake kabla ya kushika mzigo hufika 50 hadi 80. Solenoidi na rimoti za winchi zimetengenezwa kwa volti 12, na huungua siku hiyohiyo.

Ya pili ni vifaa vya umeme vya kompyuta kubwa za ofisini, vinavyouzwa kwa bei ya kutupa na kutoa volti 12 kwa ampea 60 hadi 100. Kwa winchi ndogo za pikipiki ya magurudumu manne vinaweza kusogeza kitu. Kwa winchi ya gari vitajikata kama ilivyoelezwa, isipokuwa vikitumiwa nyuma ya betri, na hapo ni afadhali kununua chaja ya kweli.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: kuwasha injini ya gari jingine ndani ya karakana ili altaneta isaidie. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, ambayo huua mtu kimyakimya katika chumba kilichofungwa. Altaneta yenyewe, injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, haitoi hata mkondo wa winchi isiyo na mzigo. Hatari kubwa, faida ndogo.

Kwa anayenunua winchi mpya kwa ajili ya karakana peke yake, makala hii haimshauri kununua ya gari hata kidogo. Ziko winchi za umeme wa ukutani, volti 230, zinazotumia plagi ya kawaida na hazihitaji betri. Akilazimika kuchukua ya betri, achague ya volti 24 na betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo: kazi ileile hufanywa kwa nusu ya mkondo, na waya hupumua.

Kuvuta si kunyanyua

Lugha yetu imechangia ajali hapa. Bandarini, winchi ni mashine ya kunyanyulia shehena kutoka melini, na kwenye gari winchi ni ya kuburuta. Neno moja, mashine mbili. Ulaya hata viwango vyake vimezitenga: EN 14492 ina sehemu ya kwanza kwa mashine za kuvuta na ya pili kwa za kunyanyua. Breki ya winchi nyingi za gari hukaa ndani ya ngoma. Ukishusha mzigo mzito kwa muda, joto la breki huiva ndani humohumo na kuidhoofisha. Anayetaka kutoa injini kwenye boneti atumie cheni bloku.

Uwezo ulioandikwa kwenye kibandiko ni wa safu ya kwanza ya waya juu ya ngoma, na hupungua kila safu inapoongezeka. Mizunguko mitano ya waya wa chuma ibaki daima kwenye ngoma, maana skrubu inayoshika ncha ya waya haikuwekwa kubeba mzigo. Winchi ya tani nne huweza kung'oa bolti kwenye zege jembamba bila kulalamika, kwa hiyo msingi uwe imara kuliko mashine, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa waya uliokaza.

Karibu na kichwa chanya cha betri huwekwa fyuzi kubwa, na baada yake swichi kuu au plagi nene za Anderson, ambazo huuzwa za ampea 175 na 350. Swichi hiyo iwe mahali ambapo mkono wa mwenye rimoti unafika. Mguso wa solenoidi ukigandana kwa cheche, ngoma huendelea kukunja waya hata kidole kikiwa kimetoka kwenye kitufe, na wakati huo rimoti haina kazi tena: kinachoisimamisha ni kukata betri.