Mswaki wa Tana: Mzizi Uliotangulia Maabara

Mti wa mswaki, ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, ni miongoni mwa mimea inayostahimili udongo wa chumvi pembezoni mwa tambarare za mafuriko za Mto Tana nchini Kenya, katika nyika zinazouzunguka mji wa Garsen na kuelekea pwani. Matawi yake huinama na kufanya kichaka kizito, majani yake ni manene yenye ladha ya chumvi, na tunda lake dogo lina utamu uliochanganyika na ukali wa pilipili. Ukali huo si jambo dogo, kwa kuwa mti huu umo katika oda moja na haradali na kabichi, na ndani yake kuna kemikali za jamii ileile inayoifanya haradali iwashe pua.

Kijiti chake kilikuwa kikisafisha meno Uarabuni kabla ya Uislamu, na dini hiyo ilipokihimiza kama sehemu ya usafi wa mja anayejiandaa kusali, matumizi yake yalienea pamoja nayo hadi pwani ya Afrika Mashariki na baadaye bara, kwa wafugaji kama Waorma na Wardei. Namna ya kukitumia ina utaratibu wake: hukatwa kipande cha mzizi au cha tawi chenye unene wa kidole, ganda la ncha likabanduliwa, kisha ncha hiyo ikatafunwa mpaka nyuzi zikatengana na kuwa brashi; nyuzi zikichakaa na ukali ukiisha, sehemu hiyo hukatwa na mpya ikatafunwa.

Sayansi ya Ulaya ilianza kwa jina tu. Laurent Garcin, tabibu aliyewahi kuitumikia Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, alieleza jenasi ya Salvadora mwaka 1749 na kuipa jina la Juan Salvador, mfamasia wa Barcelona wa karne ya 17, na mwaka 1753 Carl Linnaeus akaiingiza spishi hii katika orodha yake kuu ya mimea. Hivyo mti huo ukabeba jina la mfamasia ambaye hakuwa mgunduzi wake, huku waliokuwa wakiutafuna kila alfajiri wakibaki bila kutajwa. Nchini Kenya, hatua kubwa ya kuyaweka maarifa ya mitishamba katika maandishi ilikuwa kitabu cha John Kokwaro kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1976, na mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya vijiti vya kutafuna pale vilipozoeleka.

Jibu la kikemia, la kwa nini kijiti hiki husafisha kinywa, lilichelewa zaidi. Mwaka 2008 Abier Sofrata na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichapisha jaribio ambalo ndani yake vipande vya mswaki vilining'inizwa juu ya sahani zilizooteshwa bakteria wa kinywani, pasipo kuzigusa, na hata hivyo bakteria hao wakazuiwa kukua, jambo lililoonyesha kwamba dawa husafiri hewani kama mvuke. Mwaka 2011 watafiti hao waliitaja kemikali yenyewe kuwa benzili isothiosayaneti. Kemikali za namna hii hutokana na glukosinoleti, yaani akiba isiyo na ukali iliyomo ndani ya mmea, ambayo hubadilishwa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) pale tishu zinapopondwa. Kwa msingi huo, kutafuna ncha na kuikata inapochakaa, ambako mgeni angeweza kukuona ni mazoea tu, ndiko kunakoitoa dawa na kuipata ingali mbichi, kwani mvuke hauhifadhiki katika ncha iliyokauka.

Hata hivyo, haifai kuupa mzizi sifa kubwa kuliko ushahidi uliopo. Kemikali hiyo huwaua hasa bakteria wa kundi liitwalo Gramu-hasi, wakiwemo wanaohusishwa na ugonjwa wa fizi, lakini nguvu yake ni hafifu kwa wale wa Gramu-chanya, kundi ambalo ndani yake wamo wanaotoboa meno. Isitoshe, kinachotokea kwenye sahani ya maabara si lazima kitokee kinywani penye mate, na kusugua kwa nguvu kwaweza kuzisogeza fizi mbali na meno.

Kwa Tana, ugumu uko kwenye mavuno. Tawi likikatwa mti huchipua tena, bali anayetaka mzizi lazima auchimbue, na mti uliopotezewa mizizi hukosa nguvu ya kuyafikia maji ya chini ya ardhi ambayo huufanya ubaki na majani wakati wa kiangazi. Majani hayo ni malisho ya mifugo nyasi zinapokwisha. Sehemu ya eneo hili iliorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar unaohusu ardhioevu, lakini vichaka vya mswaki huota pia mbali na maji, katika nyika inayotegemewa na wafugaji, na kiwanda chochote kitakachotaka benzili isothiosayaneti kutoka kwenye mizizi kitalazimika kupatana kwanza na wenye mifugo.